Ngitili: Jinsi Majani Yalivyorudi Shinyanga, na Kwa Nini Tunachangia Mwaka Huu



Kamati ya chama chetu imeniomba niandike historia fupi ya malisho ya kwetu, kwa sababu sehemu ya michango ya mwaka huu inaombwa kwa ajili ya ngitili. Vijana kadhaa wameuliza: kwa nini tuchangie majani wakati kuna madarasa na zahanati za kujenga? Swali ni la haki. Jibu lake limo katika mambo waliyoyapitia babu zetu, wazazi wetu na sisi wenyewe.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwaka mmoja kabla ya Operesheni Vijiji, nikichunga ng'ombe wa baba. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, mbuga imepasuka nyufa za kuingia mguu. Nilikaa chini ya mkwaju, usingizi ukanichukua. Nilipozinduka, ng'ombe wote walikuwa ndani ya ngitili ya mzee jirani yetu, wanakula kwa raha. Jioni ile wazee walikaa. Hakuna aliyenichapa, lakini baba alitoa mbuzi jike, na njiani kurudi nyumbani hakusema neno. Asubuhi aliniambia hivi: majani yale ndiyo maziwa ya watoto wa yule mzee mpaka mvua inyeshe.

Miaka kumi baadaye nilipita mahali pale pale. Hapakuwa na majani wala mkwaju, na mzee mwenyewe alikuwa amehamishwa. Ardhi ilikuwa tupu, ngumu kama sakafu. Tangu siku hiyo nimejiuliza ilikuwaje eneo likafa kwa muda mfupi hivyo, na baadaye nikaona kwa macho yangu maeneo mengine yakifufuka.

NGITILI NI NINI

Kwa wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, nieleze. Ngitili ni eneo la majani na miti ambalo mwenyewe, au kijiji kizima, hulifunga mvua zinapoanza. Kuanzia mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mifugo haiingii. Majani hukua, hutoa mbegu, hukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapokolea, kuanzia mwezi wa saba au wa nane, hufunguliwa kwa sehemu, kipande baada ya kipande. Wanaoingia kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa, ng'ombe wa maziwa na wale wa kulimia, kwa kuwa ng'ombe wa jembe akidhoofika mwezi wa kumi, shamba halitalimwa mvua ikija.

Ngitili ya kaya mara nyingi ni hekta chache tu, karibu na nyumba. Ya jumuiya inaweza kuwa kubwa mara nyingi zaidi, nayo husimamiwa na kijiji, na wakati mwingine na shule au kanisa. Uzio si lazima. Wengine hupanda manyara au katani mpakani, wengine hutegemea mpaka unaojulikana na kila mtu. Kinachoilinda hasa ni makubaliano. Wazee wa Kisukuma walikuwa na baraza la kutunga kanuni hizo, dagashida, na aliyezivunja alitozwa faini mbele ya wenzake, kama baba alivyotozwa kwa ajili yangu.

ARDHI ILIVYOVUMBULIWA MITI

Watu wengi hudhani Shinyanga imekuwa kavu na tupu tangu zamani. Sivyo. Babu zetu walizungumzia misitu ya miti ya miiba na, upande wa Kahama, miombo minene.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi. Mahali penye mifugo michache na watu wachache, vichaka vilisonga mbele, na pamoja na vichaka akaja mbung'o, anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Ndiyo hali waliyoikuta Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Charles Swynnerton, aliyesimamia vita dhidi ya mbung'o Tanganyika mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti huo. Aina moja ya mbung'o inaitwa kwa jina lake hadi leo, Glossina swynnertoni.

Njia iliyotumika zaidi ilikuwa kufyeka. Kuanzia miaka ya 1920 watemi waliagizwa kuwatoa watu kwa maelfu wakati wa kiangazi, na panga na shoka mkononi, kukata vichaka. Tusiwahukumu babu zetu. Mbung'o alikuwa adui wa kweli, na ng'ombe waliponea pale pori lilipofyekwa. Lakini walifundishwa jambo moja likarudiwa kwa miaka mingi: kwamba mti ni adui na ardhi safi ni ile isiyo na kichaka.

Kisha pamba ikaja kwa nguvu. Kila familia ilitaka shamba kubwa zaidi, na kila shamba jipya lilimaanisha miti kukatwa na visiki kung'olewa. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, kwa kuwa benki ya Msukuma ilikuwa zizini. Ng'ombe wakaongezeka, malisho yakapungua. Kati ya mwaka 1947 na katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma: mabwawa, matuta, kupunguza mifugo kwa amri. Mabwawa yalisaidia. Amri zilichukiwa, na chuki hiyo iliingia katika siasa za kudai uhuru.

Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa. Halafu mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Vijiji vilileta shule na maji, na wengi tuliosoma tulisoma kwa sababu hiyo. Lakini mtu aliyehamishwa aliacha ngitili yake nyuma, ikawa ya kila mtu, na hivyo haikuwa na mlinzi. Mifugo yote ikakusanyika kuzunguka kijiji kimoja. Mahali penye udongo wa ibambasi, ule mgumu usiopitisha maji, majani yakikwisha mvua hutiririka juu juu na kuacha makovu.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mama zetu walitembea nusu siku kutafuta kuni. Nyumba nyingi zilipikia mabua ya pamba na samadi kavu ambayo ingepaswa kwenda shambani. Mkoa ukabandikwa jina la aibu: Jangwa la Tanzania.

HASHI: KUSIKILIZA BAADA YA KUFUNDISHA

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga na kusikitishwa na hali aliyoiona. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sote tunaujua kwa jina la HASHI. Serikali iliuendesha kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa kilimo-mseto wa ICRAF, wenye makao Nairobi, wakashirikiana nao.

Mwanzoni HASHI ilifanya kama miradi mingi ifanyavyo: vitalu, miche na semina. Miche mingi ilikuwa ya miti ya kigeni. Mingine ilikufa kwa kiangazi, mingine ililiwa na mbuzi, na mingine haikuwa na mwenyewe wa kuitunza. Sifa ya HASHI ni kwamba wataalamu wake hawakung'ang'ania. Walianza kuwauliza wazee: ninyi mlikuwa mnafanyaje kabla yetu? Jibu lilikuwa ngitili.

Wakati huo ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600 tu. Lakini chini ya ardhi kulikuwa na hazina. Mti uliokatwa hapa kwetu mara nyingi haufi, kwani kisiki na mizizi hubaki hai, na kila mwaka huchipua, na kila mwaka mbuzi au moto huondoa machipukizi. Mbegu za majani nazo hulala udongoni. Ukizuia moto na mifugo kwa msimu mmoja, majani yanaonekana. Ukizuia kwa miaka mitatu hadi mitano, unakuwa na vichaka vya migunga vinavyokupita urefu. Gharama kubwa si miche. Gharama ni kukubaliana nani asiingie, lini, na akiingia afanywe nini.

Kwa hiyo HASHI ilipeleka sinema, maigizo na mikutano. Wanakijiji walichora ramani za eneo lao wenyewe wakaonyesha palipokuwa na msitu, palipo na makorongo, na panapoweza kufungwa. Dagashida ikatunga kanuni, serikali ya kijiji ikazipitisha kuwa sheria ndogo, na sungusungu, waliokuwa wameanza miaka michache nyuma kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakapewa kazi ya kulinda majani. Mila na serikali zilisukuma upande mmoja.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 350,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe, maeneo ambayo leo yako Simiyu na Geita. Kutoka hekta 600, kwa miaka isiyofika 20. Mwaka 2005 ripoti kubwa ya kimataifa kuhusu maliasili na umaskini, iliyotolewa na World Resources Institute pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, iliitolea Shinyanga mfano kwa dunia nzima. Mkoa ulioitwa jangwa ukawa darasa.

FAIDA ILIYOINGIA NYUMBANI

Majani peke yake yasingewafanya watu wafunge ardhi. Walifunga kwa sababu waliona faida. Wataalamu wa Tanzania waliofanya tathmini mwishoni mwa mradi walihesabu kila kitu kinachotoka katika ngitili: malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa, uyoga, matunda ya porini. Walipata thamani ya kama dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Walihesabu pia aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Wanawake walipunguziwa saa kadhaa kwa siku za kutafuta kuni.

Ngitili za jumuiya zilifanya zaidi. Kijiji kikiuza nyasi na nguzo, au kikitoza ada ya malisho, fedha ilikwenda kwenye madarasa na nyumba za walimu. Kwa hiyo anayeuliza tuchangie ngitili au darasa ajue kwamba mahali pengi ngitili ndiyo iliyojenga darasa.

WENZETU WA MBALI

Ndugu zetu mlioko Marekani, katika majimbo ya kati kama Illinois, Iowa na Kansas, mnaishi juu ya ardhi yenye historia inayofanana na yetu. Pale palikuwa na mbuga za majani marefu kumzidi mtu, juu ya udongo mweusi. Jembe la chuma lilizigeuza mashamba ya mahindi ndani ya miongo michache, na leo haijabaki hata asilimia 4 ya majani yale. Tangu miaka ya 1930 chuo kikuu cha Wisconsin kimekuwa kikijaribu kuzirudisha, na kuanzia mwaka 1977 wakazi wa Chicago walianza kujitolea siku zao za mapumziko: kukusanya mbegu kwa mkono kandokando ya reli na makaburini, ambako jembe halikufika, kung'oa magugu, na kuchoma majani kwa utaratibu ili ya asili yapate nafasi.

Wanachokifanya ni kigumu kuliko chetu. Kwao mizizi iliishang'olewa, na inabidi mbegu zitafutwe moja moja. Kwetu mizizi bado iko hai ardhini. Tukichelewa mpaka trekta na nyumba zimalize visiki, watoto wetu watakuwa kama watu wa Chicago, wakitafuta majani ya babu zao makaburini.

HALI YA SASA

Isidhaniwe kwamba kazi imekwisha. Yapo mambo manne yanayotusumbua, na ni vema tuyaseme kwa uwazi.

Kwanza, ngitili nyingi za kaya zinagawanywa. Baba akifariki, wana watano wanagawana hekta tatu, na kila mmoja analima chake. Wengine wanauza. Kata yetu iko ndani ya Manispaa ya Shinyanga na barabara ya Mwanza imetuletea biashara, hivyo eneo la malisho linatazamwa kama viwanja.

Pili, mkaa na nguzo. Mji unapika kwa mkaa, na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita yanahitaji matimba ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Vijana wetu wanaochimba huko wanajua kwamba bila matimba mtu hufukiwa. Mti huo lazima utoke mahali fulani. Ukitoka katika ngitili iliyopangiwa zamu ya kuvuna, utaota tena. Ukiibwa usiku, kisiki kinachimbuliwa na mkaa wake.

Tatu, si kila mtu alifaidika sawasawa. Mwenye ng'ombe mia na ardhi kubwa alifunga eneo kubwa. Asiye na kitu alibaki na ngitili ya jumuiya tu, na hiyo ndiyo inayomegwa kwanza. Tukiacha za jumuiya zife, tumewaacha maskini wetu bila kuni na bila malisho.

Nne, dagashida kwa mila lilikuwa baraza la wanaume. Wanaokwenda kuni ni mama zetu, wanaojua mti gani ni dawa ya mtoto mara nyingi ni bibi zetu, lakini kanuni zilitungwa bila sauti yao. Katika jambo hili mila inahitaji kurekebishwa, na sisi ndio wenye mila.

TUNACHOOMBA

Ndiyo maana Kamati haiombi fedha ya kununua maelfu ya miche na kupiga picha nayo. Historia imetufundisha kwamba kilichorudisha majani Shinyanga ni mipaka inayojulikana na makubaliano yanayoheshimiwa. Michango ya ngitili itatumika kwa mambo haya:

Kupima na kuweka alama za mipaka ya maeneo ya malisho ya jumuiya yaliyobaki, na kuyaandikisha. Penye kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu. Penye mtaa, tunahitaji yaingizwe katika mipango ya Manispaa kabla hayajawa viwanja.

Kuitisha mikutano ya kutunga upya kanuni na kuzipeleka zipitishwe kuwa sheria ndogo, wanawake na vijana wakiwa wajumbe kamili.

Kupanda manyara na katani mipakani, na kusafisha njia za moto kabla ya kiangazi. Kazi hii wenyeji wataifanya kwa mikono. Chama kitasaidia vifaa na chakula cha siku ya kazi.

Kuwapa posho walinzi kwa misimu mitatu ya kwanza, mpaka ngitili ianze kujilipa kwa nyasi, asali na nguzo.

Asiye na fedha aje na jembe siku ya kazi. Aliye mbali na mwenye shamba la urithi lililolala bila kutumika, afikirie kuliacha lifungwe badala ya kuliuza. Na kila mmoja wetu awaulize wazee wa kwao, wakiwa bado wapo, ngitili ya ukoo ilikuwa wapi na mpaka wake ulipita mti gani. Yaandikeni, mlete kwa katibu. Kumbukumbu hizo zina thamani kuliko mchango wa fedha, kwa kuwa mzee akishaondoka hakuna pa kuzinunua.

Mzee yule niliyemlishia ng'ombe majani yake alikwisha kufariki. Ngitili yake haikurudi, kwani pamejengwa. Mbuzi wa baba alilipa kosa la siku moja tu. Nachangia mwaka huu kwa sababu nadhani deni langu lingalipo, na pengine la kwako pia.